Miezi miwili natibu harara, kumbe ni pumu ya ngozi

Mwanangu wa pili alianza kutoka vipele mashavuni akiwa hajafikisha hata miezi mitatu, ilikua mwezi wa pili na joto la Dar mwezi wa pili mnalijua, kwahiyo mimi na kila aliemuona tukasema harara. Nikawa namuogesha mara tatu kwa siku na sabuni, nampaka poda, namuacha na nepi tu. Ngozi ikazidi kukauka, ukimpapasa shavu ni kama msasa, kwenye paji la uso magamba, ikashuka mikononi na miguuni upande wa nje, na usiku mtoto halali, yaani halali kabisa, anasugua uso begani kwangu kushoto kulia, asubuhi naikuta kanga ina madoa ya majimaji.

Hapo ndo maneno yakaanza. Mama mkwe akasema ni mchango, akaleta majani ya kuogeshea. Jirani akasema ni maziwa yangu, niache samaki na mayai, nikaacha, mwezi mzima nanyonyesha huku nakula ugali na mchicha. Kuna mtu akamnong'oneza dada yangu eti mtoto kabemendwa. Hilo liliniumiza sana jamani, mpaka leo nikilikumbuka linaniuma.

Nikaenda duka la dawa, sikuulizwa chochote, nikapewa tyubu ya krimu. Siku tatu tu uso ukawa laini nikashukuru Mungu, nikiacha siku mbili vinarudi vingi kuliko mwanzo, nikanunua ya pili. Baadae nikaambiwa ile ilikua na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria, sio ya kupaka uso wa mtoto wa miezi minne.

Aliyenisaidia ni nesi wa kliniki siku ya kupima uzito, alimshika mtoto akasema mama huyu usimnunulie dawa tena, mpeleke kwa daktari wa ngozi. Nikaenda na hela ya vipimo kwenye pochi, nilijua watamtoa damu. Hakuna kipimo. Daktari alimvua nguo zote akamwangalia kuanzia utosini mpaka nyayo, huku ananiuliza. Anajikuna? Nikasema hapana, bado hajui kujikuna. Akaniuliza, je anasugua uso kwenye shuka au begani kwako? Nikaanza kulia palepale. Ilianza lini, inapungua halafu inarudi? Nani kwenye familia ana pumu au mafua ya vumbi? Baba yake alikua na pumu utotoni, mimi nikifagia tu napiga chafya ishirini, na hakuna mtu aliyewahi kutuuliza hayo.

Akafungua nepi akanionyesha, angalia mama, huku ngozi ni safi. Aliniambia pumu ya ngozi kwa watoto wachanga kawaida haishiki sehemu ya nepi sababu pale kuna unyevu, inapenda mashavu, paji la uso, kichwa, na mikono na miguu kwa nje, wakati harara inakaa sana kwenye mikunjo ya shingo na maeneo ya jasho, na akipoa inaondoka. Akachungulia viganja, nyayo na katikati ya vidole kuona kama ni upele ule wa kuambukizana, akauliza kama sisi wengine nyumbani tunawashwa usiku. Hatuwashwi.

Halafu kuna hili ambalo natamani kila mama alijue. Kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri kuona wekundu. Kwa mwanangu ilikua rangi ya kijivu na kahawia ya kukolea, na tumboni vipele vidogo vidogo kama ngozi ya mtu anaesikia baridi. Nilikuja kusoma kwamba vigezo vya kutambua pumu ya ngozi vya madaktari Hanifin na Rajka vya mwaka 1980, ambavyo vinatumika mpaka leo, cha kwanza kabisa ni muwasho, sio rangi.

Nilimuuliza daktari nimekosea wapi. Akasema hujakosea, kuna nchi inafika mtoto mmoja kati ya watano, na wengi inawaanza kabla ya mwaka mmoja, ngozi yao haishiki maji vizuri na mara nyingi wanazaliwa na hali hiyo, wengi inapungua wakikua. Mmoja kati ya watano! Na mimi nilikua namfunika mtoto uso kwenye daladala.

Tulichofanya: kuoga mara moja kwa siku, maji ya vuguvugu, dakika tano mpaka kumi, sabuni isiyo na manukato, kumkausha kwa kugusagusa bila kusugua, na kabla ngozi haijakauka mafuta ya mgando mengi, narudia kila nikibadilisha nepi. Haidrokotisoni asilimia 1, ambayo ni steroidi nyepesi, kidogo tu kwenye mabaka, kwa siku alizoandika. Mayai na samaki nikaambiwa nile, na kunyonyesha niendelee. Ngozi ikitoa maji, ikiganda njano, au vidonda vikijikusanya na homa juu, hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya pili alilala masaa matano mfululizo, nikaamka mwenyewe kumwangalia kama anapumua.

Kama uko kaskazini, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha wataalamu toka 1992, nenda. Wangu sasa ana mwaka na miezi minne, bado inamrudia, ila imehamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na mashavuni kabaki na mabaka meupe ambayo watu wananiambia ni fangasi niyapake dawa. Siyapaki, daktari alisema rangi itarudi yenyewe taratibu, na kwa kweli la kushoto limeshaanza kufifia.