Dar es Salaam kwa kupitia Songea, Mei 2024

Tiketi ya shangazi ilisomeka 7 Mei 2024, saa 02:50, kutoka Dar es Salaam. Kazi ya kwanza ilikuwa kuisoma vizuri hiyo tarehe. Saa 02:50 ya tarehe 7 ni saa tisa kasoro dakika kumi usiku, yaani usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Msafiri anayetokea uwanjani Jumanne jioni huambiwa ndege yake iliondoka tangu usiku. Binti yake, ambaye ndiye angemsindikiza India kwenye matibabu, alikuwa ameshawatangazia ndugu wote kwamba wanaondoka Jumanne. Tukalisahihisha kwanza kwenye grupu la ukoo, maana hao ndio wachangiaji na ndio wapiga simu.

Hesabu ya safari ya uwanjani haianzii saa ya ndege kuruka. Inaanzia saa ya kaunta kufungwa, na kwa ndege za nje hiyo mara nyingi ni saa nzima kabla. Kwa hiyo mwisho wetu ulikuwa saa nane kasoro dakika kumi usiku, na tukajiwekea saa tano usiku Jumatatu tuwe tumesimama mlangoni pa Jengo la Tatu. Kuanzia hapo ndipo tukarudi nyuma hatua kwa hatua hadi Masasi, mkoani Mtwara, tulikokuwa tunatokea.

Njia ya kila siku inajulikana: Masasi, Mnazi Mmoja, Lindi, Nangurukuru, Somanga, Daraja la Mkapa, Kibiti, Mkuranga, Mbagala. Haifiki kilomita 600. Kiangazi, gari dogo likitoka alfajiri, jioni liko Mbagala. Familia ilikuwa imeshashika viti vya basi la Jumapili tarehe 5, na kama ungekuwa mwezi wa nane nisingekuwa na neno.

Lakini ulikuwa mwanzo wa Mei, baada ya mvua za El Niño ambazo zilikuwa hazijaacha kunyesha tangu mwaka uliopita. Aprili hiyohiyo Rufiji ilikuwa imefurika na kuzamisha mashamba na nyumba za watu wa Rufiji na Kibiti. Ardhi ilikuwa imeshiba maji. Juu ya hayo, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa taarifa baada ya taarifa kuhusu mgandamizo wa hewa uliokuwa ukikua baharini, mashariki mwa pwani ya Mtwara. Baadaye ndio ukawa kimbunga, ukapewa jina la Hidaya.

Sehemu ya hatari kwenye njia ile si ndefu. Ni vile vipande vya Kilwa, kuzunguka Somanga, Mikereng'ende na Lingaula, ambako lami inapita chini karibu na bahari na mito midogo yote ya milima ya Matumbi inashukia hapo. Mto usio na maji mwezi wa tisa unaweza kujaa ndani ya saa chache. Maji yanakuja na magogo na matawi, yanaziba kalavati, yanapanda juu ya lami, yakiangukia upande wa pili yanaanza kula udongo wa tuta kwa chini. Lami inabaki inaning'inia huku chini ni shimo. Dereva anayeiona kwa mbele anaona barabara nzima. Ndiyo maana magari yanasimamishwa hata pale ambapo abiria anaona "mbona panapitika", na trafiki anayekuzuia hapo hana roho mbaya.

Habari za njia zina namna yake ya kuulizwa. Ukimuuliza mtu "njia inapitika?" atakujibu inapitika, kwa sababu jana ilipitika, au kwa sababu anauza tiketi. Uliza: "Gari la jana la Dar limeingia saa ngapi?" Kama basi linalofika saa kumi na moja jioni limeingia saa nne usiku, kuna mahali limesimama, na hapo utauliza ni wapi na kwa nini. Madereva wa malori ya samaki wanaopanda kutoka Kilwa ni wa kuaminika kuliko wote, samaki hawasubiri. Alhamisi tarehe 2 majibu yalikuwa kwamba magari yanapita, ila maji yameanza kugusa kingo za lami sehemu mbili. Kwangu hilo lilitosha.

Ndege ya Mtwara ilijadiliwa. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni kama kilomita 200, kisha angani ni kama saa moja. Matatizo ni mawili. Hali ya hewa inayokata barabara ndiyo hiyohiyo inayozuia ndege kutua. La pili, tiketi ya Mtwara–Dar ingekuwa ya kununua peke yake, haikuungana na ile ya India. Tiketi zikiwa mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni na wewe, unahesabiwa hukutokea. Anayetaka kwenda kwa mtindo huo aache angalau siku nzima katikati, na siku za kimbunga hata hiyo ni ndogo.

Ikabaki kuzunguka: Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea, Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro, Dar. Karibu kilomita 1,400, lami mwanzo hadi mwisho. Shemeji aliposikia alicheka. "Kaka, yaani mtu wa Masasi aende Dar kwa kupitia Songea?" Halafu akauliza mafuta. Noah yenye watu wanne na mizigo, barabara ya milima, nilihesabu kilomita 10 kwa lita, lita 140, na petroli wakati huo ilikuwa zaidi ya shilingi 3,300. Karibu shilingi 470,000 kwenda tu, bado malazi ya usiku mara mbili na posho ya dereva. Nikamwambia alinganishe na tiketi mbili za India zilizopotea na miadi ya daktari iliyopita. Akanyamaza, akatuma pesa.

Gari la pwani likitaka kupanda Nyanda za Juu Kusini mwezi wa tano lina mambo yake. Fundi wengi wa huku wana tabia ya kung'oa themostati. Kile kidude hukaa kimefungwa maji yakiwa ya baridi, kikafunguka maji yakifika nyuzi 80 na ushee, na kikizeeka hukwama kikiwa kimefungwa, injini ikachemka. Badala ya kununua kipya fundi anakitoa kabisa, mwenye gari anafurahi, mshale wa joto haupandi tena. Mtwara huwezi kuona ubaya wake. Njombe utauona: injini haipati joto lake, inakunywa mafuta, na hita inapuliza upepo wa vuguvugu. Bila hita, kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani na dereva anaendesha akifuta kwa kitambaa. Noah tuliyokodi ilikuwa imeng'olewa. Alhamisi mchana ikafungwa mpya na gasketi yake, rejeta ikajazwa kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, badala ya maji ya bomba, hewa ikatolewa, injini ikaachwa iungurume mpaka feni iwake na kuzima yenyewe. Hapo ndipo tulipojua kazi imekaa.

Vingine vilikwenda haraka. Mipira ya waipa mipya, pedi za breki za mbele zilizobaki nene, spea tairi yenye upepo (spea nyingi hukutwa laini siku ya pancha), jeki na spana iliyojaribiwa kwenye nati zenyewe, triangili mbili, tochi, kamba ya kuvutia. Upepo ulipimwa alfajiri tairi zikiwa za baridi. Blanketi mbili na sweta kwa kila mtu, jambo ambalo shangazi alilipinga mpaka mwisho.

Mzigo wake ulipimwa kwa mizani ya mkono palepale sebuleni. Korosho za kuwapelekea madaktari peke yake zilikuwa kilo nane. Zikapunguzwa kwa mabishano.

Tulitoka Ijumaa tarehe 3, saa kumi na moja alfajiri. Ratiba ilikuwa na sharti moja: magurudumu yasizunguke baada ya jua kuzama. Kipande cha Masasi hadi Songea kina malori ya makaa ya mawe yanayotelemka bandarini Mtwara, na lori likiharibika usiku dalili yake mara nyingi ni matawi yaliyotupwa barabarani, ambayo ukiyaona umeshayafikia. Upande wa Tunduru tembo nao wanavuka wanapotaka. Mchana yote hayo unayaona mapema. Saa tatu kasoro asubuhi tulikuwa Tunduru tunakunywa chai, saa tisa alasiri tukaingia Songea. Tulikuwa tunasimama kila baada ya saa mbili, dakika kumi, shangazi atembee, maana miguu yake huvimba akikaa, na dawa zake za presha zina saa zake. Dereva alitaka kuendelea hadi Njombe kwa kuwa jua lilikuwepo. Nikakataa. Mbele kuna Lukumburu, kona juu ya kona, na ukiongeza kuchelewa kidogo tu unaikuta giza na ukungu kwa pamoja.

Jumamosi ilikuwa siku ya baridi. Kuanzia kupanda kuelekea Njombe mawingu yalishuka barabarani, manyunyu hayakatiki, ukaona mistari ya barabara kwa urefu wa gari moja tu mbele. Dereva wa pwani akikutana na ukungu huwasha taa ful, na ful ndiyo inamfunga macho: mwanga unagonga ukungu unarudi usoni. Taa za chini, mwendo wa 40, usimfuate mtu kwa karibu, na usisimame barabarani kwa kuogopa. Tafuta mahali utoke kabisa kwenye lami. Hazadi ukiziwasha unatembea, wa nyuma atadhani umesimama, au hataona ukiweka indiketa. Kioo kilipoanza kujaa kwa ndani dereva alitaka kuteremsha dirisha. Tukawasha hita na eisi (kiyoyozi) kwa pamoja, upepo ukielekezwa kiooni. Watu hushangaa kuwasha eisi kwenye baridi, lakini eisi ndiyo inayokausha hewa na hita inapasha kioo, na kikatakata ndani ya dakika mbili.

Shangazi, blanketi mpaka kidevuni, aliwatazama watoto wa shule wakipita kando ya barabara na masweta yao.

"Baba, huku watu wanazaliwa wanaishi kabisa?"

"Wanaishi, shangazi. Na wao wanashangaa joto letu."

"Wana haki," akasema, akaomba sweta la pili.

Makambako tulikula, saa kumi tukawa Iringa. Usiku ule ndipo simu zilipoanza. Hidaya ilikuwa imeshafika pwani, mvua haina kipimo, na barabara ya Kilwa imekatika, si mahali pamoja. Jumapili asubuhi watu waliokuwa wamekwama pande zote mbili za Somanga walikuwa wanawapigia ndugu zao. Basi la ile tiketi ya awali halikuondoka.

Kitonga tuliishuka Jumapili saa mbili asubuhi, breki zikiwa bado za baridi. Gari la otomatiki likiachwa kwenye D mteremko ule wote, dereva anakanyaga breki mwanzo hadi mwisho, pedi zinapata moto, pedali inakuwa laini, na kule chini ndiko kuna lori mbele. Unaweka gia ya 2 kabla ya kuanza kushuka, si katikati, injini ikushikilie, breki unazigusa kwa vipindi: kanyaga kwa nguvu sekunde chache, achia kabisa zipoe. Ukisikia harufu kama ya plastiki inayoungua, toka pembeni usubiri, usizimwagie maji. Baada ya hapo ni Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, halafu kilomita 50 za ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako vibao vinakuorodheshea faini ya kila mnyama utakayemgonga. Vijijini ni 50 kwa saa na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Dakika unazoziiba hapo unazirudisha ukiandikiwa.

Kuingia Dar kwa upande wa Morogoro kunamfaa mtu wa uwanjani kuliko anavyofikiri. Hatukwenda hadi Ubungo. Mbezi Mwisho tukakata kulia kwa Malamba Mawili, Kinyerezi, Segerea, tukatokea Majumba Sita, jirani kabisa na uwanja, bila kugusa ujenzi wa mwendokasi uliokuwa umebana sehemu kubwa ya Barabara ya Nyerere. Tulichukua vyumba gesti ya Kipawa, na Jumatatu nzima ikawa ya shangazi kulala na kunyoosha miguu. Hiyo ndiyo siku ya akiba niliyoidai tangu Masasi. Ingekuwa gari limekufa Njombe, tungeitumia huko.

Saa nne na nusu usiku tulitoka gesti. Mabegi yalipita kwenye mizani, moja likiwa limebakiza gramu mia tu, na saa sita mama na binti walikuwa wameshavuka uhamiaji.

Kilichobaki ni gari kurudi. Kule Kilwa kazi ya kurudisha njia ilikuwa inaendelea, na hata ikifunguliwa, malori na mabasi yaliyojazana pande zote yangetangulia kupita kwa zamu, upande mmoja baada ya mwingine. Dereva alikuwa anahesabiwa posho kwa siku, kwa hiyo kusubiri Mbagala kusikojulikana mwisho wake kungekula pesa kuliko mafuta. Akarudi kwa njia ileile ya Songea, na safari hii viti havikuwa vitupu: ndugu wanne wa Masasi waliokuwa wamekwama Mbagala walichangia mafuta. Shemeji aliporudishiwa hesabu, akaikagua mstari kwa mstari, akakuta ameokoa kama robo ya mafuta ya kurudi, akauliza ile themostati ya zamani iko wapi. Haikuwepo, nikamwambia, na ndiyo maana imo kwenye risiti.