Mwalimu wa Aljebra Tuliyempata Likoni

Mwishoni mwa muhula wa pili wa kidato cha pili, binti yangu alileta nyumbani karatasi ya hisabati yenye alama 23 kati ya 100, na kilichonihuzunisha zaidi ya alama yenyewe ni kwamba alikuwa ameandika kila ukurasa hadi mwisho. Mtoto aliyekata tamaa huacha nafasi tupu. Huyu alikuwa amefanya kazi kwa muda wote aliopewa, kwa mwandiko safi, akapigia majibu yake mistari kwa rula, na karibu kila jibu lililokuwa na herufi ndani yake lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu.

Nilijua kwamba jambo hilo halingesubiri. Darasa lake ndilo la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu hapa Kenya, litakalofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027, na waliowafuata wameingia katika mtaala mpya, kwa hiyo nyuma yake hakuna darasa ambalo angeweza kurudia. Isitoshe, aljebra haikomei kidato cha kwanza inapoanzia. Hurudi katika milinganyo ya kipeo cha pili, katika logi, katika mfuatano wa namba na katika grafu, na mtihani wa mwisho una karatasi mbili za hisabati, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100, ambazo asiyeweza kufungua mabano atazipita kwa shida kuanzia maswali ya mwanzo.

Mwalimu wa kwanza tuliyemwita alikuwa kijana wa chuo kikuu, mwenye adabu na akili nyingi, aliyevuka kutoka kisiwani Mombasa kuja kwetu Likoni jioni mbili kwa wiki kwa shilingi 500 kwa saa. Kuvuka feri jioni, wakati watu wote wanarudi makwao, kulimfanya achelewe mara kwa mara, na mtoto alikuwa ameshachoka kabla somo halijaanza. Hata hivyo tatizo kubwa halikuwa feri. Kwa wiki sita kazi za nyumbani za binti yangu zilirudi zikiwa na vyema tupu, nami nikafurahi, mpaka siku moja nilipokaa sebuleni nikawatazama na kuona kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa mwalimu. Alilisoma swali, akalitatua haraka na kwa ustadi, akauliza, "Umeelewa?" na mtoto akaitikia kwa kichwa. Katika jaribio la shule lililofuata alipata alama 19. Simlaumu yule kijana kwa nia yake, kwa sababu alifanya kile alichodhani tunamlipia, yaani majibu sahihi.

Baadaye tulijaribu tuisheni ya kundi, chumba kimoja chenye watoto wapatao 20, ambako mwalimu alikuwa akiwakimbiza mbele ya mada za shuleni. Aliyekwama kwenye mada ya nyuma hasaidiwi kwa kupelekwa mbele. Tuliacha baada ya Jumamosi mbili.

Msaada wa kweli ulianza kwa mwalimu wake wa hisabati shuleni. Nilikwenda kumwomba amfundishe binti yangu kwa malipo wakati wa likizo, naye akakataa kwa upole, akaniambia kwamba haifai mwalimu kuuza nje kile ambacho anadaiwa kukitoa darasani, na kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 37, inakataza wanafunzi kulazimishwa masomo ya likizo. Badala ya kuniacha niondoke mikono mitupu, alinipa ushauri ambao nimeuona kuwa na thamani kuliko fedha nilizokuwa nimetumia hadi siku ile: nikusanye karatasi zote za zamani za mtoto zenye makosa, nizipeleke kwa kila mwalimu nitakayetaka kumwajiri, kisha nisikilize anavyoyasoma yale makosa. Mwalimu atakayeuliza shule imefika mada gani, alisema, ataendelea pale darasa lilipo. Atakayeuliza mtoto alifikaje kwenye jibu lile la makosa ndiye atakayeanza pale mtoto alipo.

Nilifanya hivyo kwa watu watatu. Wawili walizifungua karatasi, wakatikisa kichwa na kunitajia bei. Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu wa kike anayeishi upande wetu huu huu, karibu na Mtongwe, ambaye nilielekezwa kwake na mwenye duka la fotokopi alikokwenda kuchapishia maswali yake. Alivaa miwani, akazipanga karatasi kwa tarehe mezani, akazisoma karibu nusu saa bila kusema neno, kisha akaniambia, "Mama, mtoto huyu hana makosa mengi. Ana makosa matatu, anayarudia." Nilihisi kama nimetuliwa mzigo, kwa maana tangu mwanzo niliambiwa na kila mtu kwamba mtoto hajui hisabati, na hapakuwa na aliyewahi kuniambia ni kitu gani hasa asichokijua.

Kosa la kwanza lilikuwa la alama ya hasi mbele ya mabano. Popote palipoandikwa −3(x − 4), binti yangu aliandika −3x − 12. Siku ya somo la kwanza mwalimu hakumwambia kwamba amekosea. Alimsogezea karatasi na kusema, "Mwanangu, hebu nieleze hii 12 umeipataje." Mtoto akajibu kwamba alizidisha 3 kwa 4, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa na alama ya kutoa, akatoa. Yule kijana wa kwanza angempa hapo kanuni ya hasi kwa hasi kuwa chanya, kanuni ambayo mtoto alikuwa ameikariri tangu shule ya msingi bila kuiamini. Huyu mama alimwambia afikirie ameingia dukani kununua madaftari 3 ya bei x, na mwenye duka akampunguzia shilingi 4 kwa kila daftari. Fedha zinatoka mfukoni, ndiyo maana kuna alama ya hasi mbele: kwa bei ya kawaida zingetoka 3x. Lakini zile shilingi 4 za kila daftari zinarudi kwake, jumla 12, na kinachorudi mfukoni kinajumlishwa. Kwa hiyo ni −3x + 12. Nilimwona binti yangu akiikodolea macho ile alama ya kujumlisha kwa muda mrefu, kisha akachukua kalamu mwenyewe.

Kosa la pili lilitokana na lugha, na hili lilinigusa kwa sababu sikuwahi kulifikiria. Hisabati shuleni hufundishwa kwa Kiingereza, na katika Kiingereza, anayetaka kutaja namba iliyo chini ya x kwa 5 huanza kuitaja hiyo 5 kabla ya kufika kwenye x. Mtoto alikuwa akiyaandika maneno kwa mpangilio anaoyasikia, akapata 5 − x pahali pa x − 5. Mwalimu alimwagiza asiandike chochote mpaka ameliweka swali kwa Kiswahili kwa sauti: "x ukiipunguza 5." Hapo mpangilio wa maneno unalingana na mpangilio wa alama, na kosa likawa limepoteza mlango wake. Hadi leo akifanya maswali ya maelezo huwa namsikia akinong'ona kwa Kiswahili, na mtihani hauwezi kumkataza kunong'ona moyoni.

La tatu lilikuwa kudhani kwamba (x + 3) ikipandishwa kipeo cha pili ni x kipeo cha pili kujumlisha 9. Kwa hili alimfundisha tabia ambayo naona ndiyo iliyombadilisha kuliko yote: kuijaribu kauli yake kwa namba kabla ya kuiamini. Weka 1 mahali pa x. Upande mmoja unapata 4 mara 4, yaani 16. Upande wa pili unapata 1 na 9, yaani 10. Basi haviwezi kuwa kitu kimoja, na kilichopotea ni 6x iliyosahauliwa katikati. Vivyo hivyo kwa milinganyo. Akitatua 3(x − 4) = 2x + 5 na kupata 17, haruhusiwi kwenda swali la pili kabla ya kuirudisha 17 mahali pake na kuona kwamba pande zote mbili zinatoa 39. Mtoto aliyekuwa akisubiri wino mwekundu wa mtu mwingine sasa anajua kabla ya kukabidhi karatasi kama jibu lake limesimama.

Mwalimu huyu anapenda maneno, na siku moja alimweleza jambo ambalo nami nililisikiliza kutoka jikoni. Jina aljebra limetoka katika kitabu alichoandika Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi kule Baghdad mnamo mwaka 820 hivi, akizitaja kazi mbili: al-jabr, kurudisha kilichopungua, neno ambalo Waarabu hulitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika, na al-muqabala, kuvikabilisha vitu vya pande mbili ili vinavyofanana viondoshwe. "Neno mkabala unalijua," alimwambia. "Nyumba yenu iko mkabala wa duka. Basi ndilo hilo hilo." Tangu siku hiyo alama ya usawa imekuwa kwake mahali pande mbili zinapokabiliana, na hajaisoma tena kama amri ya kutoa jibu.

Kuhusu masharti, tulikubaliana mapema. Nilimwomba namba yake ya usajili wa Tume ya Huduma za Walimu, naye akanionyesha bila kukasirika. Mwalimu anayekasirishwa na ombi hilo ningemuaga mlangoni. Masomo hufanyika sebuleni kwetu, mlango ukiwa wazi na mama yangu akiwa amekaa karibu na tasbihi yake, na ningeshikilia sharti hilo kwa mwalimu yeyote, mwanamume au mwanamke, hata angekuwa jamaa. Siku ni Jumamosi baada ya sala ya Adhuhuri, kwa kuwa asubuhi mtoto yuko madrasa, na Jumatano jioni kwa saa moja tu. Tunalipa shilingi 800 kwa saa kila mwisho wa mwezi. Ni zaidi ya tulivyomlipa yule wa kwanza, na kwa familia yetu si fedha ndogo, lakini saa moja ambayo mtoto ameshika kalamu mwenyewe inanirudishia zaidi ya saa tatu za kutazama.

Wazazi wenzangu wanaoniuliza nawaambia wakae wasikilize somo zima la kwanza, wakihesabu ni nani anayezungumza zaidi. Mtoto akinyamaza saa nzima, hapo hapana mwalimu wa aljebra, hata awe na shahada ngapi. Na wasiwaulize watoto wao kama wameelewa, kwani mtoto mwenye heshima atajibu ndiyo; wampe swali lile lile lililomshinda wiki iliyopita na wakae kimya.

Katika mtihani wa kufunga muhula wa tatu binti yangu alipata alama 41, na katika ule wa mwanzo wa kidato cha tatu akapata 52. Mabano yote ya ile karatasi ya mwisho aliyafungua sawasawa. Alama alizopoteza katika aljebra zilikuwa karibu zote kwenye visehemu vyenye herufi chini ya mstari, na mwalimu alipoiona karatasi hiyo aliweka kidole hapo hapo. Ameomba nimtafutie madaftari ya shule ya msingi ya mtoto, yale ya visehemu vya kawaida, kwa sababu anahisi kosa lilianzia huko. Nimeyapata mawili katika sanduku chini ya kitanda, na Jumamosi hii wataanza nayo.