Leo haifungwi, mwanangu

Idi el-Fitri ya mwaka juzi niliingia kwa shangazi yangu, Ng'ambo ya mjini Unguja, na nadhiri niliyojiwekea tangu kumi la mwisho la Ramadhani: sigusi kitu kitamu. Nilikuwa nimepungua kilo tatu, nikazishika kama amana. Sinia likaletwa, halua ya Wete, kaimati, vileja, mkate wa mchele, na visheti vyake mwenyewe. Nikasema nimeshiba. Shangazi akanitazama, akasema kwa upole, "Leo haifungwi, mwanangu."

Sikumwelewa. Siku ile nilipita nyumba sita, kote nimeshiba, kote kahawa tupu. Saa tano usiku, watu wamelala, nikasimama jikoni kwake bila kuwasha taa, nikala visheti kutoka kwenye kopo. Sijui vilikuwa vingapi. Nakumbuka shira iliyoganda vidoleni, na kwamba iliki sikuisikia hata kidogo, mimi ninayevipenda kwa ajili ya iliki yake. Skukuu pili nikaamka na uchungu moyoni, nikaazimia kushinda na njaa mpaka jioni, iwe adhabu.

Hapo ndipo maneno ya shangazi yaliponirudia. Siku ya Idi ni haramu kufunga. Mtume (S.A.W.) alikuwa hatoki kwenda kuswali Idi el-Fitri mpaka ale tende, tena kwa hesabu ya witri, yaani isiyogawanyika kwa mbili; siku yenyewe inafunguliwa kwa utamu. Na aya inasema kuleni na kunyweni wala msifanye israfu. Mimi kwa miaka nilikuwa nasoma nusu yake ya mwisho tu. Ile hofu ya kula sikuipata chuoni wala nyumbani kwetu. Niliipata kwenye simu, kwa watu wasionijua, na inaniuma kuona wadogo zangu nao wanaichukua hukohuko.

Jioni ile nilikaa mkekani na shangazi, nikamwangalia anavyokula. Kwanza maji. Kisha akamimina kahawa chungu, akakata kipande cha halua, hakizidi kidole gumba, akakitia mdomoni asitafune. Akakiacha. Samli ikayeyuka, ladha ya kungumanga ikaja nyuma yake, ndipo akapiga funda la kahawa. Akanisimulia habari ndefu ya jirani aliyeozesha binti, akamaliza, ndipo mkono ukarudi sahanini. Vipande viwili, saa nzima. Halua ni wanga, sukari na samli iliyokorogwa kwa saa kadhaa mpaka mikono iume. Nzito vile, yataka polepole, na uchungu wa kahawa ndio unaokwambia sasa basi. Tumbo nalo linachukua kama dakika 20 kuupa ubongo habari kwamba limetosheka. Aliyesimama gizani na kopo hawezi kuzisubiri.

(Mwenye kisukari afuate alivyoelekezwa na daktari wake. Nasema na mzima anayejiadhibu.)

Sasa nachagua. Vileja sivipendi sana, basi navipisha, sivili kwa kuwa vipo tu. Visheti nakula, nimekaa, sahani mbele yangu, simu mbali. Nikifika nyumba ya tatu sina nafasi tena, nasema, "Nifungie, bibi, nitakula nyumbani," na sijaona aliyekasirika. Kila mwenyeji anafurahi chakula chake kikisafiri. Asubuhi ya pili nakunywa chai yangu na mkate kama kawaida. Hakuna deni la kulipa.

Mwaka huu shangazi alinijazia kopo la visheti nikaondoka nalo kwa boti mpaka Dar. Njiani sikuwa na njaa, likakaa mapajani limefungwa. Nililifungua siku ya tatu, nimerudi kazini, magharibi imeshaswaliwa. Nilichemsha kahawa kwanza. Kisheti kilivunjika kwa sauti, ukoko wa sukari ukaanguka sahanini, na iliki ikapanda puani kabla sijatafuna.