Nilikimbilia Kyela, vidole vikanifuata

Aliyeuita ugonjwa huu baridi yabisi alinipotezea mwaka mzima. Unaumwa kitu chenye neno baridi ndani yake, unaishi Uyole, Mbeya, na ni mwezi wa saba: nani atakuambia vingine? Kila aliyeona vidole vyangu vilivyovimba alikuwa na ushauri. Vaa soksi mbili, lala na glavu, usiguse maji asubuhi. Mimi ni fundi cherehani. Mkasi ulikuwa haushikiki mpaka saa nne, na mikono yote miwili ilikuwa inauma sawasawa, kama imeambiana.

Nikasema, kama ni baridi, naikimbia. Nikafunga mzigo, nikashuka Kyela kwa mama mdogo. Tulipoipita Tukuyu nilianza kuvua sweta, na tunafika chini nimebaki na kanga, nacheka peke yangu. Wiki mbili nilijiona mjanja. Joto, mbasa wa kukaanga, wali unaonukia mpaka kwa jirani, na mama mdogo ni wale wasiopenda kuona sahani ina nafasi. Wiki ya tatu nikaamka alfajiri, jasho linatiririka, neti imeninatia mgongoni, na vidole vimekakamaa vilevile. Nikalia, halafu nikacheka. Nilirudi Mbeya na maumivu yangu yote, pamoja na kilo tano za nyongeza.

Ndipo nikaenda hospitali. Baada ya vipimo vya damu na picha ya viganja, daktari, kijana tu, akasema, "Mama, baridi haina kosa. Kinga ya mwili wako ndiyo inayoshambulia viungo." Nikamuuliza, kama sungusungu wanaompiga mwenye nyumba? Akasema ndiyo hasa. Kisha akaniambia nifungue mdomo.

Moyoni nikasema huyu hana kazi. Kumbe fizi zilikuwa zinavuja damu na ugaga umejaa. Ukweli ambao sikuwa nimemwambia mtu: kwa miezi kadhaa nilikuwa nausogeza mswaki tu, maana ngumi haifungi.

Akanieleza kwamba kuna bakteria wa fizi, Porphyromonas gingivalis, anayeweza kubadilisha protini za mwili mpaka kinga ikaziona ngeni, na ndiyo sababu anashukiwa kuchangia ugonjwa huu. Na mafuta ya tumboni hayakai tu kama gunia stoo, yanamwaga kemikali zinazochochea uvimbe, na dawa nazo mara nyingi hazifanyi kazi vizuri kwa mtu mnene. Hakuniahidi kwamba nikikwangua ugaga nitapona. Dawa yenyewe ni metotreksati, mara moja kwa wiki, mimi huimeza Jumapili. Jirani mmoja akanishauri niimeze kila siku nipone haraka. Bahati nilimuuliza daktari kwanza, akashika kichwa: dozi ya namna hiyo inaua.

Kukwanguliwa meno kulinigharimu elfu thelathini na kitu, ukiweka na bajaji. Lakini mswaki ndio ulionipa sifa. Nilianza kwa kuuzungushia kitambaa (fundi lazima afikirie kitambaa), kikalowa, siku ya tatu kinanuka. Nikajaribu gunzi la hindi, likapasuka. Nikaenda kwa fundi baiskeli, akanipa kipande cha tyubu kuukuu bure. Nikakikata utepe, nikauzungusha kwenye mpini nikiuvuta kwa meno, tabaka juu ya tabaka mpaka ukawa mnene kama mpini wa jembe la mtoto. Haulowi, hautelezi, na huhitaji kufunga vidole. Wanangu wanauita pampu. Waite wanavyotaka, fizi hazitoi damu.

Kuhusu kilo sina hadithi. Chapati mbili zikawa moja, sukari kwenye chai nikaiacha huku nikinuna, na kwenda Mwanjelwa sasa nusu ya njia natembea. Zimeondoka tisa.

Sasa mkasi naushika saa moja na nusu asubuhi. Mama mdogo alipopigiwa simu kuambiwa, akajibu kwamba joto la Kyela ndilo lililoniponya, ila lilichelewa kuingia.