Karanga za Getini

Kosa la shairi langu lilikuwa herufi moja tu, m, nalo lilinilia Jumamosi tatu nzima.

Ilikuwa masika ya mwaka 2012. Nilikuwa nauza spea za pikipiki katika duka moja pale Arusha mjini. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na usiku, nikishafunga hesabu, niligeuza daftari la duka nikaanza kuandika kutokea nyuma. Sikumwonyesha mtu. Siku moja dereva mmoja wa bodaboda alikuja kununua plagi, akalikuta daftari limefunguka upande usio wa hesabu. Akasoma, midomo inacheza. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Chalii wangu," akasema, "kumbe unatunga, halafu umejificha huku na mafuta ya breki? Jumamosi nakupitia, twende Kaloleni."

Nilidhani ni utani. Jumamosi saa nane mchana akaja kweli, mvua inanyesha, tukaenda.

Palikuwa ni chumba kimoja nyuma ya kibanda cha mama mmoja fundi cherehani. Nje hapakuwa na kibao wala jina. Ndani kulikuwa na mabenchi manne ya kanisani, ubao mweusi uliopasuka kona, rafu ya vitabu vilivyochoka na chupa mbili za chai ya tangawizi. Ukiingia unaacha shilingi mia tano ya chai kwenye kopo. Kila Jumamosi watu walikuja kujifunza kutunga, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi walighani mbele ya yeyote aliyependa kuja kusikiliza: wake, waume, majirani, watoto waliofuata harufu ya maandazi. Anayefundisha tulimwita Mwalimu, basi. Alikuwa mstaafu kutoka upande wa Pangani, mwenye koti la sufi alilolivaa hata jua likiwaka, maana baridi ya Arusha, alisema, ilimwingia mwaka aliohamia na haijatoka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kusikiliza au umebeba?"

Nikasema nimebeba. Ningejua, ningesema nimekuja kusikiliza.

Shairi langu lilikuwa la baba. Kwa zaidi ya miaka ishirini baba aliuza karanga na mayai ya kuchemsha nje ya Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mechi za AFC, Mei Mosi, mikutano ya injili, yeye yupo. Karanga alizipima kwa kikombe kidogo cha kahawa na kuzifunga kwenye karatasi alizochana kutoka madaftari yangu ya zamani, kwa hiyo wapenzi wa mpira wa Arusha wamekula sana juu ya hesabu zangu za darasa la tano, nyingi zikiwa zimekosewa. Akishapima, lazima aongeze punje kadhaa juu. Mama alikuwa akimgombeza kwamba faida yote inaishia kwenye nyongeza. Hakuacha.

Nikasimama, nikasoma mshororo wa kwanza: "Baba yangu aliuza, karanga pale mlangoni."

Mwalimu akainua mkono. Hata wa pili sikuufikia.

"Rudia utao."

Sikujua utao ni nini. Mama fundi akaninong'oneza kuwa ni kile kipande cha pili, baada ya mkato; cha kwanza ni ukwapi. Nikarudia. Mwalimu akawa anagonga meza kwa kidole: ka, ra, nga, pa, le, m, la, ngo, ni.

"Tisa," akasema. "Ukwapi una nane, utao una tisa. Hili ni guni, shairi lenye kasoro."

Nikabisha. Nilikuwa nimehesabu mara mia, na kwangu "mla" ilikuwa moja. Hapo ndipo nilipopewa somo ambalo shuleni sikumbuki kulisikia, au lilipita nikiwa nachungulia dirishani. Mwalimu hakugeukia ubao. Aliongea tu, kidole kikiendelea kugonga. Mlango: m-la-ngo, tatu. Mwana: mwa-na, mbili, kwa sababu hapo m imemezwa na w. Mbuzi: mbu-zi, mbili. "Lakini mbu anayekuuma usiku," akasema, "yeye mdogo, ila anajitegemea: m-bu. Mbili naye." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeleta baba yangu mle ndani, nao wananihesabia mbu.

Kijana mmoja wa chuo, aliyekuwa akitunga mashairi huru tu, akanitetea. Akasema mshairi Kezilahabi alishatoa diwani yake, Kichomi, mwaka 1974 bila kufungwa na vina wala mizani, hiyo hesabu ya silabi, na Kiswahili hakikufa. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba hana ugomvi na asiyefuata kanuni kwa kukusudia. Ugomvi wake ni na anayedhani amezifuata. Wale wawili, niligundua baadaye, walikuwa na mjadala huo kila Jumamosi, na kila mmoja angesononeka kama mwenzake asingetokea.

Yule wa bodaboda akajaribu njia nyingine. "Mwalimu, si kasema mzee wake alikuwa anatia nyongeza? Basi hiyo mizani ya tisa ni nyongeza."

Kwa kweli nililipenda jibu hilo. Nilidhani limemaliza kesi.

"Nyongeza ni ya mteja," Mwalimu akasema. "Shairi halinunui karanga."

Halafu akaniuliza ni mlango gani huo. Nikasema wa uwanja, kwa Sheikh.

"Na huyo Sheikh unamjua?"

Nikajibu kuwa ni uwanja wa mpira. Nilikulia kwenye kivuli cha ukuta wake, na kwangu jina lile lilikuwa kama majina ya vituo vya daladala, unalitaja ili ushushwe. Mwalimu akaenda kwenye rafu, akarudi na kitabu kisicho na jalada, kimeshonwa kwa uzi wa cherehani. Kilikuwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Mtunzi wake ni Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri, akafariki mwaka 1964. Ndiye huyo. Uwanja ule unaitwa kwa jina la mtu aliyeziandika kanuni zenyewe ambazo mimi nilikuwa nazivunja.

Nilikaa chini. Miaka ishirini na zaidi baba alipima karanga chini ya jina la bwana mizani, na hakuna kati yetu aliyejua. Sijui kwa nini hilo liliniuma kuliko lile guni. Labda kwa sababu angelifurahia. Angewasimulia wateja mpaka wachelewe kuingia.

Jumamosi ya pili nikaja na "karanga zake mlangoni". Tisa tena. Ya tatu nikajaribu "karanga kwa mlangoni", nane kamili, na Mwalimu akanitazama kama mtu aliyepewa chai ya chumvi. Akasema watunzi wanaruhusiwa kufupisha neno, ndiyo inkisari, na kulirefusha, ndiyo mazida, na hata kuboronga sarufi kidogo, lakini ruhusa si leseni ya kuua watu.

Ni mama fundi aliyenitoa. Alikuwa anapinda pindo la sare ya shule, hata macho hakuinua.

"Mwanangu, marehemu mwenyewe alikuwa anasemaje? Mkimpigia simu siku ya mechi, anawajibu yuko wapi?"

"Anasema, nipo getini."

Kimya. Kisha yule wa bodaboda akaanza kugonga benchi: ka-ra-nga-pa-le-ge-ti-ni. Nane.

Nikaona aibu, maana nilijua "mlangoni" ilitoka wapi. Niliiweka kwa sababu niliona geti ni neno la mtaani, halifai kwenye shairi. Baba hakuwahi hata siku moja kusema yuko mlangoni. Mwalimu naye neno la geti halikumkaa vizuri, nilimwona akilitafuna, lakini aligonga meza yake mara nane, akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Linaingia."

Jumamosi ya mwisho ya mwezi nilimleta mama. Alikaa benchi la nyuma na mwavuli wake, kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali. Kuna waliosoma kabla yangu, sikumbuki hata mmoja. Zamu yangu ilipofika nikaghani kwa sauti iliyotetemeka:

Baba yangu aliuza, karanga pale getini,
Watu wakijisogeza, kikombe ki mkononi,
Akipima huongeza, punje mbili za rohoni,
Mzee mwenye nyongeza, simuoni uwanjani.

Beti zilikuwa tano. Kufikia ya tatu watu walikuwa wananipokea kibwagizo, na bodaboda wangu akikivuta kuliko wote, nje ya sauti kabisa. Mwalimu alikuwa amefumba macho, ila kidole chake nilikiona kikigonga goti. Hakikusimama.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mama, tukapita mbele ya uwanja. Mvua ilikuwa imekatika na geti limefungwa kwa mnyororo. Mama hakuwa amesema kitu tangu tutoke. Tulipofika pale alipokuwa akiweka ndoo yake, akasimama.

"Umesema punje mbili."

"Ndiyo, mama."

"Baba yako alikuwa anaongeza tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nazikaanga, mimi ndiye niliyekuwa nahesabu hasara. Tatu."

Tukaendelea kutembea. Nikiwa nimeficha mkono mfukoni, nikaanza kuhesabu kwa vidole: pu-nje-ta-tu-za-ro-ho-ni.