"Baba mdogo, nimekosea nini?"

Uwanjani hapa Iowa, Marekani, ninapofundisha futiboli ya Kimarekani, Amani huniita Kocha, kama wenzake. Jumanne nilipomwambia aache ulinzi wa nje kushoto, mwisho wa mstari wetu, aingie ndani, upande wa kulia wa senta, yule wa katikati anayeanzisha mpira, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Baba mdogo, nimekosea nini?" Ijumaa tulishinda, Jumapili mtoto wa Neema akabatizwa, na swali hilo bado limenikaa kooni.

Hajakosea. Nilirudia video za mechi nne nikitazama kitu kimoja tu: akipitwa, anapitwaje? Mlinzi anayesukumwa kifuani mpaka anamwangukia kwotabeki, yule mrusha mpira tunayemlinda, kumwingiza ndani ni kumwonea, maana huko ndiko waliko wapinzani wazito. Amani hasukumwi. Anazungukwa kwa nje: miguu inafika, mkono haufiki. Peter Skoronski alilinda nje kushoto chuoni Northwestern, lakini Titans wa NFL, ligi kuu ya mchezo huu, walipomchukua mwaka 2023 wakamweka ndani. Mikono yake ilipimwa inchi 32 na robo, na NFL walinzi wa nje hutakiwa kuwa na 33 kwenda juu.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani, nami nikamjibu, "Tutaongea." Mtoto kauliza kosa lake, namwambia tutaongea!

Jumatano ilikuwa ngumu. Ukiwa kushoto, mguu wa kushoto ndio unaokaa nyuma. Kulia mambo yanageuka, hata mkono unaogusa nyasi unabadilika. Amani akawa anarudi nyuma hatua ndefu kama vile bado yuko nje, akaacha mlango wazi kati yake na senta, na kila mara mpinzani akapita hapohapo. Ndani hakuna pa kurudi. Ni hatua moja fupi, kama inchi 6, nyonga chini, viwiko vimebana ubavu, viganja vimfikie mpinzani kifuani kabla hajakufikia wewe. Ukirudi zaidi ya hapo, kwotabeki anakosa pa kusogea mbele wale wa pembeni wanapomzingira. Tukafanya marudio 20 bila mtu, 20 kwa mto wa mazoezi, ndipo nikamleta mtu.

Alhamisi mzito wetu alimjia kwa nguvu zote. Visigino vya Amani viliburura, nyasi zikachimbika, kisha vikakita. Hakusogea tena! Nilitaka kupiga kelele.

Baada ya mazoezi nilimweleza habari za Tristan Wirfs, kijana wa hapahapa Iowa: kikosi cha kwanza cha nyota wa NFL mwaka 2021 akilinda nje kulia, akahamishiwa nje kushoto 2023, na msimu wa 2024 akachaguliwa tena, safari hii kwa upande huo mpya. Nikamwambia pia kwamba hakukosea, nilichelewa kusema. Akafunga kamba za viatu, akasema, "Sawa, Baba mdogo."

Mama hajapokea simu tangu Jumamosi. Pengine ni mtandao wa Kigoma, lakini jirani yake naye hapokei.