Daktari niliyemkabidhi macho yangu

Mwanamke akionekana na macho yaliyovimba, na weusi wa damu iliyovilia chini yake, watu hawamuulizi kitu. Wanamwangalia mumewe. Baba Neema ameyaona hayo wiki hii, dukani na kanisani. Salamu zimekuwa fupi, na mzee mmoja wa kanisa amemwita pembeni kumuuliza kama nyumbani kuna amani. Sikumchukia yule mzee hata kidogo. Wapo wanawake wenye macho kama haya yangu ambao hakuna aliyewahi kuwaulizia. Ila Baba Neema aliporudi alikaa kimya, kisha akasema, "Mama Neema, naomba uwaeleze mwenyewe." Kwa hiyo naeleza. Sijapigwa. Nimepunguzwa ngozi ya kope za juu, kwa hiari yangu na kwa pesa yangu, na sababu ilikuwa sura.

Hili la sura nalisema wazi kwa kuwa wanaonipenda wameshanitafutia njia ya mkato. Mama mkwe anawaambia wageni kwamba nilikuwa sioni. Ni kweli wapo ambao ngozi huwashukia mpaka ikaziba sehemu ya juu ya wanachokitazama, na hospitali wana mashine ya kulipima hilo. Mimi nilipimwa, na nilikuwa naona vizuri. Kilichonichosha ni kuulizwa kila asubuhi kazini kama nimelala, kama nina msiba, kama nimelia. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini, na katika ukoo wetu hulegea mapema. Nilitaka uso unaofanana na ninavyojisikia. Sioni kwa nini nilitafutie hilo kisingizio.

Kumpata daktari ndiko kulikonipa kazi. Kliniki moja ya Arusha ilinipokea kwa chai, kwa picha za kabla na baada kwenye simu, na kwa punguzo iwapo ningelipa wiki ileile. Nikauliza nani atakayeshika kisu. "Daktari wetu bingwa." Bingwa wa nini? Dada wa mapokezi akatabasamu. Nikaomba jina lake ili niulizie usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika, jina likawa halipatikani siku hiyo. Nikaaga.

Shoga yangu alinisukuma niende Nairobi, na sina shaka kule wapo mabingwa wazuri. Lakini hatari kubwa ya upasuaji huu, ingawa ni nadra, ni damu kuvuja nyuma ya jicho, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za mwanzo. Maumivu makali ya upande mmoja, jicho kusukumwa mbele, kuona kufifia: hapo mtu hangoji kupambazuke, kwa sababu mshipa wa fahamu wa jicho ukibanwa, saa chache zinatosha kumwacha kipofu. Nikajifikiria usiku wa manane kwenye chumba cha wageni katika mji nisioujua, au nimeshavuka Namanga na bado sijafika Longido. Nilitaka daktari ninayeweza kumfikia kwa bajaji.

Niliyempata ni daktari wa macho wa hapahapa Moshi, aliyeongeza masomo ya upasuaji wa kope. Siku ya kwanza hakugusia bei. Aliuliza presha, sukari na tezi la shingo. Aliuliza asipirini, na diklofenaki ninayomeza magoti yakiuma, hata vidonge vya kitunguu saumu, kwa kuwa vyote hivyo vinaweza kuongeza kutoka damu. Nikamwonyesha kovu lililovimba pale nilipotobolewa sikio. Akasema makovu ya namna hiyo ni nadra sana kwenye kope, ila hakuniahidi kitu. Kisha akaning'iniza karatasi nyembamba kwenye ukingo wa kope za chini, nikakaa nayo dakika tano nimefumba macho, ili aone inalowa kiasi gani. Jicho lenye machozi machache huteseka zaidi baada ya kisu. Baada ya hapo akanikandamiza nyusi kwa kidole gumba, nikatazama chini, nikatazama juu, yeye akisoma rula. Alikuwa anaupima msuli unaoinua kope. Kama shida ni msuli, kukata ngozi hakusaidii.

Mwisho akaniambia nifumbe macho, akaishika ngozi iliyozidi kwa kibanio kidogo na kuchora mstari wa wino. "Kutoka kwenye nyusi mpaka ukingo wa kope lazima ibaki kama milimita 20. Ukiniomba nikate zaidi, nitakataa. Itakayobaki naweza kuipunguza hata mwakani, mama. Nikishaitupa siwezi kuirudisha, na jicho lisilofumba hukauka kioo chake."

Hapo ndipo nilipokubali.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia: sindano za ganzi, mwanga mkali, mlio wa mkasi bila maumivu, na jioni nipo nyumbani. Kilichofuata ndicho kigumu. Uvimbe hupanda siku ya pili na ya tatu, na wangu ulipanda hasa. Barafu ndani ya kitambaa safi, mito mitatu chini ya kichwa, hakuna kuinama kufua wala kunyanyua ndoo. Asubuhi kope zilikuwa zimegandana, Neema akizilainisha kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa yakapoa, taratibu, asiguse nyuzi. Dawa ya kupaka iliniachia ukungu machoni, nikawa nasomewa hata ujumbe wa simu.

Usiku mmoja jicho la kushoto lilianza kuvuta na kuuma. Nikampigia daktari, akapokea. Akaniambia nizibe jicho la kulia, nisome kalenda ya ukutani, kisha nizibe la pili. Nikasoma yote. Maumivu yanazidi? Hayazidi. "Lala, mama. Saa mbili asubuhi uwe hapa." Nilikwenda, akalitazama, ilikuwa ni uvimbe tu.

Nyuzi zimetolewa, kila mmoja na mfinyo wake. Kovu limejificha kwenye mkunjo. Kushoto bado kumetuna kuliko kulia, na daktari anasema sura kamili isihukumiwe kabla ya miezi mitatu, pengine sita. Vumbi la barabara yetu linaniwasha, kwa hiyo miwani ya jua siivui nje.

Wifi yangu wa Sanya Juu ameshaomba namba ya daktari. Nimempa, na nimemsihi aanze kutumia dawa zake za presha ipasavyo, maana presha yake hupanda na kushuka, na daktari huyu hatamkata kabla haijatulia.